Tatizo la umeme linalokuja na kuondoka kwenye gari la zamani: namna ya kulifuatilia mpaka ulishike

“Fundi, likiwa hapa kwako linawaka kama jipya. Likifika nyumbani linanigomea.”

Maneno haya nayasikia karibu kila wiki, na anayeyasema huwa ameshatoa pesa nyingi kabla ya kufika kwangu. Amebadilishiwa betri, akabadilishiwa stata, ile mota inayozungusha injini iwake, akauziwa altaneta inayochaji betri, na kila mara gari likatulia siku tatu nne kisha likarudia. Hakuna kilichopona hapo. Gari lilikuwa kwenye siku zake nzuri, na kifaa kipya kikapewa sifa isiyo yake.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam. Yanayokuja zaidi kwangu ni Toyota za miaka ya 1990, Corolla 100 na 110, Carina na Mark II, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka huko. Njia yenyewe inafaa gari lolote la zamani: usibadilishe kifaa chochote mpaka uwe umeona kwa mita yako mahali umeme unapopotea, tena uone wakati tatizo lipo, si wakati limeondoka.

Lijue sharti lake kwanza

Tatizo la aina hii halitokei ovyo, hata kama mwenye gari anaona hivyo. Linasubiri kimoja kati ya vitu vinne: joto, maji, mtikisiko au mzigo wa umeme. Koili iliyochoka, ile inayotengeneza umeme wa cheche za plagi, inafanya kazi ikiwa baridi, ikishapata moto inakata. Waya wa plagi wenye ufa unavumilia kiangazi chote, masika ikifika unaanza kusumbua. Temino, kile kichwa cha kebo kinachovaa nguzo ya betri, ikilegea inasubiri tuta. Ethi iliyooza, yaani waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, inapitisha umeme wa redio na taa za ndani bila shida, ila ukipiga stata inazidiwa.

Ndiyo maana kabla sijafungua boneti nauliza. Linagoma asubuhi au baada ya safari? Ukilisubiri dakika ishirini linawaka? Lilianza baada ya kuoshwa injini, kugongwa, kufungwa alamu au kubadilishwa redio? Likigoma, taa za dashibodi zinabaki na nguvu, zinafifia, au zinazima kabisa? Swali hilo la mwisho peke yake linanipunguzia nusu ya kazi. Taa zikibaki na nguvu wakati stata imenyamaza, umeme mkubwa upo na ninatafuta kwenye njia ya swichi na rilei, yaani swichi ndogo inayowashwa na umeme. Zikififia, kuna kitu kinavuta umeme usiofika vizuri. Zikizima kabisa, naenda moja kwa moja kwenye temino za betri, fyuzi kuu na swichi ya ufunguo.

Mwenye gari namwomba aandike kwenye simu yake kila linapotokea: saa ngapi, mvua au jua, gari limesimama au linatembea, taa zipi ziliwaka. Wiki moja ya maandishi hayo inanisaidia kuliko kutwa nzima ya kubahatisha.

Swali la redio na alamu nalisisitiza kwa sababu maalumu. Redio za magari ya Japani ya miaka hiyo zinashika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, mpaka 108. Kwa hiyo gari lililotoka Japani mara nyingi limeshafunguliwa dashibodi likabadilishwa redio au kuongezewa kifaa cha masafa, na mara nyingi aliyefanya kazi hiyo alikata nyaya, akazisokota kwa vidole na kuzizungushia tepu. Tepu hiyo baada ya miaka kadhaa ya joto gundi yake inayeyuka, inateleza, na shaba inabaki wazi nyuma ya dashibodi ikigusana na kila inachokutana nacho.

Vifaa

Mita ya kidijitali ya bei ndogo inatosha. Ongeza taa ya kupimia yenye balbu, nyaya mbili ndefu zenye klipu, spana namba 10 na 12, msasa laini, na balbu ya breki ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili. Matumizi yake utayaona mbele. Nyaya zenye vifuniko vya njano chini ya usukani ni za eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea. Usizichomeke taa wala mita. Nyaya za kompyuta ya injini zipime kwa mita tu, maana balbu inavuta umeme mwingi kuliko zilivyokusudiwa kubeba. Ukifungua betri anza na hasi, ukiifunga malizia na hasi.

Betri ihakikishe mapema. Ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kama volti 12.6. Ikiwa chini ya 12.2, ichaji kwanza, la sivyo vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya. Injini ikiwaka, taa kubwa zikiwa zimewashwa, utegemee kati ya 13.8 na 14.5 kwenye nguzo za betri.

Volti inayopotea njiani

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kawaida fundi anazima gari, anaweka mita kwenye mlio, anagusisha ncha mbili za kebo. Mita inalia. Anasema waya mzima. Sasa chukua kebo yenye nyuzi mia moja za shaba ambayo tisini na tisa zimekatika. Huo mmoja uliobaki unatosha kuifanya mita ilie, kwa kuwa mita inatuma umeme kidogo mno kupima. Stata ya injini ndogo ya lita 1.5 inavuta zaidi ya ampea 100. Kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, ampea 150 zikipita, kinameza volti moja na nusu. Ukinzani mdogo kiasi hicho mita ya kawaida haiuoni. Nyaya zake yenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo.

Kwa hiyo waya unapimwa ukiwa kazini. Chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI, ya mfumo wa kupuliza mafuta, ili injini isiwake. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, ile nguzo ya risasi yenyewe wala si temino iliyoivaa, na ncha ya pili kwenye chuma safi cha injini. Mwenzako apige stata sekunde tatu nne. Namba unayoiona ndiyo volti inayopotea kati ya sehemu hizo mbili. Ikiwa 0.2, vizuri. Ikifika 0.3 sisemi kitu. Ikizidi 0.5, kuna mahali pameoza au pamelegea. Rudia kati ya nguzo hasi na bodi. Kisha upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti kubwa ya stata, ambako naruhusu mpaka 0.5.

Ukikuta namba kubwa, sogeza ncha moja taratibu: nguzo hadi temino, temino hadi kebo, kebo hadi kichwa chake kilichofungwa bolti, bolti hadi chuma. Kiungo ambacho ukikivuka namba inaruka ndicho kibovu. Hukufungua kitu, hukununua kitu, na umeshajua.

Mfano ambao bado nasimulia vijana wangu ni wa mwalimu mstaafu mmoja aliyekuja na Corolla 110.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba fundi. Hili limenishinda. Asubuhi linawaka vizuri. Nikisimama sheli kuweka mafuta, halitaki tena.”

Betri ilikuwa mpya, na stata ilikuwa ya pili. Kwangu liliwaka mara kumi na tano mfululizo. Ningeweza kumwambia halina kitu aende. Nikaliendesha mpaka feni ya rejeta ikaanza kuzunguka, nikalizima, boneti imefungwa, nikasubiri dakika tano kama mtu aliye kwenye foleni ya sheli. Nikapiga stata: tak, kimya. Mara ya pili likavuta kwa shida kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Nikafungua boneti, nikapitisha mkono juu ya kebo ya aksileta, ule waya wa chuma unaotoka kwenye pedali. Ulikuwa wa moto hadi plastiki yake inatoa harufu, mahali ambapo hakuna bomba la ekzosi karibu.

Hiyo ni dalili ya kuishika moyoni. Umeme wa stata lazima urudi betri. Ukiziba barabara yake kubwa, unapita vichochoroni: kebo ya aksileta, kebo ya gia, chochote cha chuma kinachounganisha injini na bodi. Nikapima kati ya nguzo hasi na injini huku kijana anapiga stata. Volti 3.4. Stata ilikuwa inapewa mabaki.

Kebo inayotoka hasi kwenda kwenye gia boksi kwa nje ilikuwa nyeusi, laini, bolti yake imekazwa vizuri. Nilipochana plastiki sentimita chache kutoka kichwani, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani unaobaki kwenye vidole. Nikahesabu zilizokuwa bado zinang’aa, hazikufika kumi. Huku pwani chumvi ya hewani inaingia kwenye ncha ya kebo na kutambaa ndani ya plastiki, na huwezi kuiona kutoka nje. Gari likiwa baridi, nyuzi hizo chache zilijitahidi. Likipata moto, stata yenyewe inachoka zaidi na kiungo kibovu kinapitisha umeme pungufu zaidi. Kebo mpya, namba ikashuka hadi 0.15. Stata ya kwanza ya mwalimu, aliyokuwa nayo kwenye buti, tuliijaribu mezani ikazunguka vizuri kabisa. Haikuwa na kosa.

Stata: sikiliza mlio wake

Mlio mmoja mzito, “tak”, kisha kimya: pima bolti kubwa ya stata wakati ufunguo umegeuzwa. Ikibaki karibu na volti 12 na stata haizunguki, tatizo liko ndani yake. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo ni vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, ile swichi kubwa ya sumaku ya stata, vinavyoliwa upande mmoja. Vinauzwa peke yake. Hakuna haja ya kununua stata nzima, ingawa utaambiwa ipo. Ikiwa volti kwenye bolti inaporomoka hadi tano au sita, rudi kwenye kebo, temino na betri.

Mlio wa haraka wa “tatatata” ni betri iliyoishiwa au temino zenye uchafu. Zifungue, zisugue kwa msasa ndani na nje mpaka risasi ing’ae, zioshe kwa maji ya moto yenye magadi kama zina unga mweupe, zikaushe, zikaze, kisha upake mafuta ya mgando juu. Juu, baada ya kukaza, usipake kabla.

Kimya kabisa, taa zikiwa na nguvu: kama gari ni la otomatiki, peleka gia N ujaribu tena. Likiwaka kwenye N na kugoma kwenye P, au kinyume chake, swichi ya gia imechakaa au imesogea. Lisipowaka popote, pima waya mdogo wa solenoidi huku ufunguo umegeuzwa. Usipoona umeme hapo, fuata rilei na swichi ya ufunguo. Swichi hii inachakaa ndani, hasa kwa watu wanaoning’iniza funguo kumi kwenye pete moja. Ukitikisa ufunguo gari likiwaka na dashibodi ikapepesa, umeshaipata.

Taa zinazochanganyikiwa

Ukikanyaga breki, indiketa inawaka kwa mbali. Ukiwasha indiketa ya kulia, taa ndogo za nyuma zinapepesa pamoja nayo. Watu wanadhani nyaya zimegusana. Karibu kila mara ni ethi ya taa ile. Balbu imekosa njia ya kurudi kwenye bodi, umeme wake unatafuta njia kupitia balbu ya jirani, na jirani anawaka bila kuitwa. Kuthibitisha ni rahisi: chukua waya wenye klipu, unganisha chuma cha kishikio cha balbu na chuma safi cha bodi. Mchanganyiko ukiisha papo hapo, tafuta skrubu ya ethi ndani ya buti, ifungue, kwangua rangi na kutu, ikaze upya. Maji yanayovuja kwenye raba ya taa za nyuma ndiyo yanayoanzisha, kwa hiyo raba nayo ishughulikie.

Indiketa inayopepesa haraka upande mmoja ni balbu iliyokufa au isiyogusa vizuri, basi.

Taa kubwa zinazopanda na kushuka na mwendo wa injini ni suala la kuchaji. Angalia mkanda kwanza kama umelegea. Kama taa ya betri kwenye dashibodi inawaka kwa unyonge na kuzima yenyewe, gonga taratibu mgongo wa altaneta kwa mpini wa nyundo wa mti injini ikiwa inanguruma, ukiwa mbali na feni na mkanda. Ikizima ulipogonga, kaboni zake, vile vipande vinavyosugua ndani kupitisha umeme, zimekwisha. Na ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha injini na taa hiyo ya betri haiwaki kabisa, usiipuuze: kwenye magari mengi ya zamani altaneta inaamshwa kupitia balbu hiyo.

Linazima njiani, baada ya muda linawaka

Hili ndilo linaloogopesha zaidi, na ni haki, kwani linaweza kuzima katikati ya Barabara ya Morogoro na lori nyuma yako. Swali la kwanza pale linapozima: limekosa moto wa plagi au mafuta? Beba kifaa cha kupimia cheche, kile cha kuchomeka kati ya waya na plagi. Hakuna cheche, tafuta upande wa koili, ignaita, yaani kifaa cha elektroniki kinachoikatia na kuiwashia koili umeme, na kihisio cha distribyuta inayogawa cheche kwa plagi. Cheche ipo, geukia pampu ya mafuta.

Wengi wanasikiliza pampu wanapogeuza ufunguo. Kwenye magari mengine utaisikia ikinguruma sekunde mbili. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 pampu haingurumi mpaka upige stata, kwa hiyo ukimya wake kwenye ON hauna maana yoyote. Chini ya boneti kuna kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu ya FP na +B kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa ON, na pampu inapaswa kufanya kazi. Ikifanya kazi hapo huku gari limegoma, pampu ni nzima na kosa liko kwenye rilei yake au kwenye kinachoiamrisha.

Kwenye kisanduku hichohicho, ukiunganisha TE1 na E1 na kugeuza ufunguo ON bila kuwasha, taa ya chek injini inaanza kupepesa. Ikipepesa kwa kasi moja bila kukoma, kompyuta haina ilichohifadhi. Vinginevyo hesabu: mpepeso mmoja, pumziko, mipepeso minne, hiyo ni 14, maana yake kompyuta haikupata jibu la ignaita. Namba 12 na 13 ni ishara ya mzunguko wa injini iliyopotea, na inaweza kuwa kihisio ndani ya distribyuta au plagi ya waya wake. Zisome kabla ya kufungua betri. Ukiifungua, kumbukumbu inafutika.

Vifaa vinavyokufa kwa joto havihitaji kusubiri safari. Chukua draya ya nywele, pasha ignaita au koili gari likiwa linanguruma bila kukanyagwa mafuta. Likizima, umelipata bila kutoka uani. Rilei nayo ifanyie hivyo. Honda za miaka ya 1990 zina rilei kuu ambayo risasi ya kuungia iliyo ndani inapasuka kama uzi mwembamba kuzunguka miguu yake. Gari likikaa juani halitaki kuwaka, likipoa linawaka. Kupiga risasi upya kunatosha.

Kabla ya yote hayo, lakini, angalia alamu. Alamu nyingi zinazofungwa baadaye, pamoja na swichi za siri za kuzuia wizi, zinakata waya wa swichi au wa pampu na kupitisha umeme ndani ya rilei ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Rilei hiyo ikichoka, au kiungo chake kilichosokotwa kikilegea, gari linazima kama limekatwa kwa kisu kisha linawaka kama halijawahi kuumwa. Magari mengi niliyoletewa kwa kesi ya kuzima njiani yamepona kwa kuondoa alamu iliyokufa miaka mingi na kuunga waya wa kiwandani kama ulivyokuwa. Uliza kama ipo. Mwenye gari wa tatu au wa nne huenda hajui kabisa.

Kwa wale ambao gari linasumbua mvua ikinyesha: usiku, boneti wazi, pulizia maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia kwenye nyaya za plagi na kofia ya distribyuta huku injini inanguruma. Cheche za bluu zikirukaruka nje ya waya utaziona gizani. Usishike kitu hapo; volti zake ni maelfu kwa maelfu.

Fyuzi inayoungua mara mojamoja

Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Kamwe. Fyuzi ya 15 ikiungua na ukaweka 30, kitakachoungua safari ijayo ni waya, na waya umelala kwenye kapeti na sponji za viti.

Chomoa fyuzi iliyoungua, mahali pake weka ile balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili. Palipo na shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote na itazuia umeme usizidi kama ampea mbili, hivyo hakuna kinachoungua. Ukiona ni mwanga hafifu, ni matumizi ya kawaida tu. Sasa tembea na mtungo wa nyaya: tikisa, vuta, fungua na kufunga mlango, geuza usukani, huku jicho liko kwenye balbu. Ikibadilika ghafla, simama hapohapo. Mara nyingi ni pale waya unapopita kwenye tundu la chuma lisilo na raba, au ulipobanwa na skrubu ya spika.

Na ukiangalia fyuzi kwa macho ukaiona nzima, bado ipime. Juu ya fyuzi za kisasa kuna vitundu viwili vinavyoonyesha chuma. Gusa kila kimoja kwa taa ya kupimia. Pia soketi zake zinatanuka kwa joto, na fyuzi nzima inakaa ikichezacheza ndani.

Betri inakufa usiku

Zima kila kitu, funga milango, fungua hasi ya betri, weka mita kwenye ampea 10 kati ya nguzo na temino. Usipige stata wala kuwasha taa mita ikiwa hapo. Subiri dakika kumi. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Taa ya buti ya wati 5 iliyobaki inawaka ni karibu miliampea 400, na betri ndogo haitavumilia siku nyingi. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Ile inayoshusha namba ndiyo njia ya kufuata. Zikiisha zote na namba haijashuka, altaneta yenyewe inaweza kuwa inavujisha kupitia dayodi zake, ambazo kazi yake ni kupitisha umeme upande mmoja tu, na redio au alamu iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri haitaonekana kwenye fyuzi za gari.

Waya kwenye bawaba, na namna ya kuunga

Dirisha linaloshuka mlango ukiwa wazi na kugoma ukifungwa, taa ya namba ya nyuma inayozima ukifunga buti: vuta ile raba iliyo kati ya mlango na bodi, uzitazame nyaya ndani. Waya umekunjwa makumi ya maelfu ya mara, shaba imekatika ila plastiki bado nzima. Vuta kila mmoja taratibu. Uliokatika ndani unanyooka kama mpira.

Usiusokote na kuufunga tepu. Ongeza kipande kipya cha unene uleule ili usiwe na mvuto, kiungo kiweke nje ya sehemu inayokunjika, kibane kwa kiungio cha kubana au kipige risasi, kisha kifunike kwa mrija unaosinyaa kwa joto. Risasi inafanya waya kuwa mgumu, na unaotikisika utakatika pembeni yake, kwa hiyo ufunge ushikwe vizuri na mtungo wa nyaya.

Nikishaunga, narudisha lile sharti la mwanzo. La mwalimu nililiendesha tena hadi feni ikazunguka, nikalifunga boneti dakika tano, nikapiga stata mara sita mita ikiwa bado imeungwa. Namba haikupita 0.2. Ndipo nikampa ufunguo.